Swali la Kijana wa Picha

Jumapili, baada ya alasiri.

Juzi nimetolewa nyuzi. Kovu limelala juu ya paja la kulia, refu kama kidole changu cha kati, na linawasha nikitembea. Mama kalitazama mara moja akageuza uso. "Haya, mwanangu. Umebeba mayai ya Lodwar miaka yote hiyo."

Mie nilidhani ni nundu ya mafuta tu. Nilikigundua kivimbe Ramadhani ya mwaka jana, nikijipaka mafuta baada ya kuoga. Hakiumi, hakina joto, kinakua polepole: ndimu, kisha chungwa dogo. Zahanati moja hapa mjini wakanambia ni mafuta, au jipu lililopoa, wacha walidunge waone kilichomo. Sindano ilishatolewa kwenye karatasi yake. Stima ikapotea, jenereta ikagoma, nami nikarudi zangu nyumbani nikilalamika kwamba nimepoteza siku. Kumbe stima iliniokoa.

Jirani akanishauri nianze na ultrasaundi, kwengine. Yule kijana wa picha alinipaka jeli baridi, akapitisha kifaa, akanyamaza. Akarudia. Halafu akanigeuzia kioo: kifuko cheusi cha maji, na ndani yake vifuko vidogo vimebanana mithili ya komamanga lililopasuliwa.

"Dada, umewahi kuishi kwa wafugaji? Sehemu zenye mbwa wengi?"

Nilicheka. Mie, mtoto wa mjini, wa Majengo? Kicheko kikaniishia mdomoni. Baba alikuwa mwalimu, akapelekwa Lodwar, kule Turkana kwa wafugaji, tukakaa huko tangu nina miaka 6 hadi 10. Tulikuwa na mbwa, Kijivu, akilala nasi mkekani, mimi na kaka yangu. Bibi hakuwahi kujua. Angejua angetuosha mara saba, moja kwa udongo, na sasa nikifikiri, maji yale yangetufaa kuliko alivyodhani.

Daktari wa upasuaji alinieleza taratibu. Ni tegu wa mbwa, kamdudu ka milimita chache. Mbwa humpata akila ini au mapafu ya mbuzi na kondoo wenye vifuko. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika manyoya, yakaingia majini na kwenye mboga. Ukiyameza, huanguliwa tumboni, na kijidudu hupenya kwenye damu. Kati ya wagonjwa kumi, saba hivi kifuko hukaa kwenye ini, wawili kwenye mapafu. Waliobaki ndio sisi wa ajabu: wengu, figo, mfupa, ubongo, moyo, na msuli wa paja. Turkana inajulikana duniani kwa maradhi haya. AMREF, shirika la afya, walianza kampeni huko mwaka 1983, wakipima watu kwa ultrasaundi na kuwapa mbwa dawa. Kwa hiyo kijana wa picha hakubahatisha. Aliuliza tu swali ambalo hakuna mwengine aliyeniuliza.

Nikamtajia daktari ile sindano ya zahanati. Akaweka kalamu chini. Maji ya kifuko yakivuja ovyo, mwili unaweza kushtuka hadi ukafa papo hapo, na mbegu zikamwagika zikaota vifuko vipya. Kwenye ini wapo wataalamu wanaodunga kwa makusudi, lakini mgonjwa huwa kashaanza dawa na kila kitu kiko tayari. Si kudunga kwa kutaka kuona.

Kipimo cha damu kilirudi safi. Nikafurahi bure. "Damu isikudanganye," akasema, kwa sababu kifuko kilicho nje ya ini mara nyingi hakionekani kwenye damu. Akaamini picha. Ini na mapafu vikapigwa picha pia, alhamdulillahi, hamna kitu.

Nikaanzishiwa albendazoli, dawa ya minyoo, kabla ya kukatwa, mara mbili kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa iingie vyema mwilini. Hapo mama akapata kazi. Mwezi mzima tui zito, samaki wa kupaka, maharage ya nazi, na daktari kaidhinisha! Kila baada ya wiki mbili nilitolewa damu, waangalie dawa isije ikaumiza ini.

Siku ya kukatwa waliuzungushia mguu shashi zilizolowa maji ya chumvi kali, wakakitoa kifuko kizima kizima bila kukipasua. Nilionyeshwa kwenye chupa. Cheupe, laini, kama yai lililochemshwa na kumenywa. Nikakitazama kwa muda nisijue niseme nini. Zaidi ya miaka 20 tumetembea pamoja, tumepanda feri ya Likoni pamoja, nimeolewa nacho.

Vidonge bado naendelea navyo, na picha nyengine ni baada ya miezi mitatu.

Asubuhi nimempigia kaka, yuko Kilifi. Anasema hajisikii kitu, nisimsumbue. Nami sikuwa najisikia kitu. Jumanne nampitia, nimeshamwekea nafasi kwa kijana yule yule.