Jumamosi ya kuchagua picha, Clarkston

Mwanzoni mwa mwaka 2018 nilikuwa nikifundisha upigaji picha kila Jumamosi huko Clarkston, mji mdogo ulio mashariki ya Atlanta, katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Tangu miaka ya 1980 mji huo umekuwa ukipokea wakimbizi: walitangulia Wavietnamu, wakafuata Wabosnia, Waethiopia, Wasomali, Wabhutani na Waburma, na katika miaka ya karibuni wakaja kwa wingi Wakongo wa Kivu Kusini. Walipelekwa pale kwa sababu za kawaida kabisa, yaani kuna majengo mengi ya nyumba za kupanga yenye kodi nafuu, na kuna basi linalomfikisha mtu kwenye treni ya kuingia mjini kutafuta kazi. Darasa langu lilikuwa la wazungumzaji wa Kiswahili, na karibu wote walikuwa wametokea Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu. Tuliishi wilaya moja miaka mingi bila kujuana, kwa kuwa wao hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali, nasi wa mjini hatukuwa na la kutupeleka kwao.

Kamera zetu zilikuwa zile ndogo za dijitali, zilizotolewa na watu waliokwisha kuhamia kwenye simu, nami nilizipenda kwa sababu zilikuwa na sehemu ya kuongeza na kupunguza mwanga kwa mkono. Theluji nzito iliyoanguka Desemba 2017, ambayo kwa Atlanta ni jambo la nadra, ilikuwa imetuachia somo zuri. Wazazi walitoka nje kuwapiga picha watoto wao, wakarudi na theluji yenye rangi ya majivu na nyuso nyeusi zisizo na macho wala mdomo. Nikawaeleza kwamba kamera haimtambui mtu wala theluji. Hupima mwanga wote ulio mbele yake na kuusawazisha mpaka ufikie kijivu cha wastani, kwa hiyo ikikutana na weupe mwingi hupunguza mwanga, na anayepotea ni mwenye ngozi nyeusi aliyesimama katikati. Niliwasimulia pia habari za kadi za Shirley, picha za mwanamke mweupe ambazo kampuni ya Kodak iliwapa mafundi wa kusafisha picha ili wazitumie kama kipimo cha rangi ya ngozi, na jinsi ambavyo baadhi ya malalamiko yaliyosaidia filamu kuboreshwa yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa hazitofautiani pichani. Mama mmoja mzaliwa wa Fizi, ambaye tangu aanze darasa alikuwa hazungumzi sana, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kamera, akamsimamisha jirani yake karibu na dirisha, akapiga, akatazama, akaongeza mwanga, akapiga tena, mpaka mikunjo ya kope ikaonekana.

Ni huyo mama ninayemkumbuka zaidi ninapoikumbuka Jumamosi ya kuchagua picha.

Shirika la hisani lililotuazima chumba lilikuwa limeamua kufanya maonyesho ya picha za darasa, na mratibu wao alikuja siku hiyo kusaidia kuchagua. Picha zilikuwa zimesafishwa dukani kwa saizi ya kawaida, nasi tukazitandaza juu ya meza mbili ndefu. Mzee mmoja wa Uvira alileta picha za treni tu, yaani treni za mizigo zinazoupasua mji wa Clarkston katikati, alizozipiga asubuhi, mchana na jioni. Katikati ya treni hizo aliweka picha moja ya barua juu ya meza ya kulia chakula: hesabu ya deni la nauli ya ndege, kwa maana mkimbizi anayehamishiwa Marekani hukopeshwa tiketi ya safari yake na hutakiwa kuanza kulipa baada ya miezi michache. Alikuwa ameipiga kwa utulivu mkubwa, karatasi imenyooka, kalamu ya bluu kando, na kiasi kinachodaiwa kinasomeka.

Mama wa Fizi alikuwa na bahasha mbili. Katika ya kwanza mlikuwa na picha moja ya watoto wake wanne. Alikuwa ametundika kitenge ukutani na kukivuta pembe zote kisikunjane, akatandika vitambaa vya kufuma juu ya sofa la msaada, akaweka chombo cha maua ya plastiki, akawapanga watoto kwa urefu, viatu vimepakwa mafuta mpaka vinang'aa, na yule mdogo ameshika daftari la shule kifuani kama cheti. Mwanga wa dirisha ulikuja kutoka kushoto na kuzipa nyuso zote umbo. Sebule ilikuwa ndogo, kwa hiyo ili viatu visikatwe alilazimika kurudi nyuma mpaka ndani ya korido, na ukingo wa mlango unaonekana upande wa kulia wa picha.

Bahasha ya pili ilikuwa ya mikono yake. Alifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha kuku, zaidi ya kilomita 70 kutoka Clarkston, akitenganisha nyama na mifupa kwa kisu katika chumba chenye baridi kali, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba na kufa ganzi. Kila alfajiri aliporudi aliweka mkono wa kulia juu ya meza ile ile, akaweka sarafu ya senti 25 kando ya kidole cha kati ili ukubwa wa uvimbe upimike, akapiga picha kwa mkono wa kushoto. Pembeni mwa kila picha palikuwa na tarehe kwa herufi za rangi ya machungwa, kwa kuwa alikuwa ameigundua mwenyewe sehemu ya kamera inayoandika tarehe. Nimefundishwa upigaji picha na watu hodari, nami nasema bila kusita kwamba kazi ile ilikuwa bora kuliko nyingi nilizoziona kwa watu wanaolipwa.

Mratibu naye aliona hivyo. Aliipanga mikono ile mstari mmoja, akasimama mbele yake kwa muda, kisha akaniomba nimfasirie kwamba picha hizo ndizo zitakazowekwa ukuta wa mbele na kwenye tangazo. Picha ya watoto ni nzuri, alisema, lakini inafanana na picha za studio, na wageni wangependa kuona maisha yalivyo.

Nilifasiri neno kwa neno. Mama aliikusanya mikono yake, akairudisha ndani ya bahasha, akaketi.

"Mwambie hivi, mwalimu. Maisha yangu yalivyo ni hawa watoto. Mikono hii ni kesi. Nimeipiga nimwoneshe daktari, na mkubwa wa kazini akisema sikuumia pale kwake, nimwoneshe tarehe."

Mratibu alijibu kwa upole kwamba picha zile zingeweza kuwasaidia wafanyakazi wengi wanaoumia kwa namna hiyo hiyo. Halikuwa neno la hila, na lilikuwa na ukweli ndani yake. Viwanda vya kuku ni uti wa mgongo wa Georgia ya kaskazini, na mikono ya aina ile ilikuwa mingi katika majengo yale. Lakini mama aliendelea kuniangalia mimi.

"Kule Nyarugusu walikuja wageni, wakanipiga picha nimembeba mtoto anaumwa. Waliniambia itasaidia. Sijui picha ile iko wapi, sijaiona mpaka leo. Tumepigwa picha za kadi, za faili, za safari, na hata moja hatukupewa. Hii nimepiga mwenyewe."

Mzee wa Uvira akauliza, "Mwalimu, ulitufundisha kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu. Akikataa, tunafanyaje?"

Nikasema kwamba akikataa, picha haitumiki, na kwamba hapa aliyepiga na aliyepigwa ni mtu mmoja, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kuombwa. Nilimwambia mratibu jambo hilo kwa Kiingereza bila kulipunguza makali, kwa sababu naamini hivyo mpaka leo: kumfundisha mtu kamera halafu ukabaki na mamlaka ya kuchagua ni kumfundisha nusu. Alinyamaza kidogo, akakubali, kisha akauliza swali ambalo liliurudisha utulivu mezani. Alitaka kujua kwa nini mama alirudi mbali kiasi kile badala ya kuzikaribia nyuso.

Jibu lilikuwa bibi wa watoto. Alikuwa amebaki Nyarugusu pamoja na mwanawe mkubwa, faili lao limesimama. Kwa mwaka wa serikali ulioanza Oktoba 2017 Marekani ilikuwa imeweka ukomo wa wakimbizi 45,000, ambao wakati huo ulikuwa wa chini kuliko wowote uliokuwa umewekwa tangu sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980, na hakuna aliyeweza kumwambia familia ile lini watakutana. Bibi yule aliwaona wajukuu zake mara ya mwisho wamevaa yeboyebo zilizokatika, wengine wana funza miguuni, na kila anapopokea picha kwenye simu ya jirani hutazama miguu kwanza. Picha inayoishia kiunoni humtia wasiwasi kwamba kuna jambo anafichwa.

Watoto wanne waliwekwa ukuta wa mbele, kwa saizi kubwa kuliko picha zote, na maelezo ya chini aliyaandika mama mwenyewe kwa Kiswahili, majina ya watoto yakifuatiwa na darasa la kila mmoja. Deni la nauli la mzee nalo lilitundikwa. Mikono haikutundikwa. Ilikwenda kwa daktari, ikaambatishwa kwenye barua, na baada ya muda mama alihamishiwa kwenye kufungasha, kazi ambayo nayo inachosha lakini haina kisu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeandaa somo la kupiga picha za watu kwa mwanga wa dirisha, ila halikufundishwa. Kijana mmoja alikuwa na ukungu mweusi kwenye dari ya bafu ambao mwenye nyumba alikuwa akiukana, mama mwingine alikuwa na jiko lililovuja gesi, na wote walitaka kujua namna ya kuwasha tarehe. Tulikuta kamera nyingi bado zinasoma Januari 1 ya mwaka zilipotengenezwa, kwa hiyo kipindi kizima tulikitumia kurekebisha saa, kamera moja baada ya nyingine, na kuandika kwenye daftari nani ana kamera ipi na imerekebishwa siku gani.