Picha za Mwaloni na Bujora hazipatikani kwa kuvizia

Kila anayeshika kamera kwa mara ya kwanza hapa Mwanza hupewa ushauri uleule: ukitaka picha nzuri za sokoni, tafuta lenzi ndefu, simama mbali, wapige watu wakiwa hawana habari. Mimi niliupata kutoka kwa bwana anayeheshimika sana katika shughuli za harusi na kipaimara, naye aliutoa kwa sauti ya mtu anayegawa urithi. Ukumbini huenda una maana, kwa kuwa mle kila mtu anajua kamera imekuja kufanya nini. Katika soko la Mwaloni pale Kirumba, kamera inayochungulia kutoka mbali ina maana nyingine kabisa, na nashangaa mpaka leo kwamba mtu aliyekulia ufukweni mwa ziwa hili hakuliona jambo hilo.

Lenzi yenyewe niliiazima, na ilikuwa nzito kiasi cha kuumiza shingo. Nilijibanza nyuma ya lori lililokuwa likipakia magunia ya dagaa, nikaielekeza gatini, mahali mitumbwi mikubwa kutoka visiwani ilipokuwa ikishusha mzigo. Kwa dakika chache nilijiona fundi. Kisha kuli mmoja akasimama na gunia lake kichwani, akatazama upande wangu, akasema maneno mawili tu kwa mwenzake, na maneno hayo yakasafiri kutoka mtumbwi hadi mtumbwi kwa kasi ambayo sijaiona tena. Matenga yalifunikwa maturubai. Kijana aliyekuwa na sangara wawili wadogo mkononi aliwaficha chini ya koti. Akina mama waliokuwa wakichambua dagaa waligeuka wote kwa pamoja, wakanipa migongo, na khanga zao zikabaki ndiyo maandishi pekee niliyoyapata siku ile. Nilipofungua picha nyumbani nilikuta turubai la bluu kutoka kila upande unaoweza kufikirika.

Waliniona kuwa mtu wa doria ya uvuvi, na walikuwa na sababu. Wavu wa sangara wenye macho ya chini ya inchi 6 ni haramu, na sangara asiyefikia sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Picha ni ushahidi. Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ule msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, haijasahaulika, kwani nyavu zilichomwa moto kwa marundo na wengine wakapoteza mitaji yao yote. Kwa hiyo mtu anayejificha na lenzi, hata kama ana hamu tu ya kupiga machweo, anafanana na mtu anayeandaa kesi. Mzee mmoja mwenye kibanda cha kamba na maboya alinifuata nyuma ya lori, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, kama una kitambulisho cha serikali kitoe, na kama huna njoo tunywe chai, maana hapo umesimama unawaharibia watu biashara.” Nikaenda kunywa chai.

Chai ile ndiyo iliyonipa mbinu ninayojivunia, ingawa mzee hakukusudia kunifundisha lolote. Pale kibandani palikuwa na mama mfanyabiashara aliyekuwa akihangaika kupiga picha magunia yake kwa simu ili amtumie mteja aliyeko Lubumbashi. Picha ilitoka giza, dagaa wakaonekana kama mabua, na mteja alikuwa amekwisha kumwandikia kwamba dagaa hao ni wa zamani. Nilimwomba nijaribu mimi. Alinitazama kuanzia viatuni, kisha akasema, “Haya mwanangu, jaribu, lakini usinipige mimi, piga dagaa.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mwaloni pana njaa ya picha, ila ni picha za mzigo. Dagaa wa pale huenda Kongo, Rwanda, Burundi, Dar es Salaam, na mnunuzi wa mbali anataka kujua jambo moja kabla ya kutuma fedha: je, wamekaushwa juu ya chanja au wamemwagwa mchangani? Wa chanja hawana mchanga na bei yao inasimama. Wa mchangani humsaga mlaji meno. Sasa utaonyeshaje kwa picha kitu ambacho hakipo? Nilimwomba mama achote dagaa kwa viganja viwili, awainue hadi usawa wa kifua, kisha awaachie waanguke taratibu juu ya kitambaa cheusi, jua likiwa upande wa kushoto na chini bado. Wakati wakianguka, kila dagaa aling'aa kivyake, magamba yakarudisha mwanga wa rangi ya fedha wenye kivuli cha kijani mgongoni, na juu ya kitambaa hapakubaki chembe ya mchanga. Nilichukua picha nyingi mfululizo, kasi ya shata, yaani kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, ikiwa ya juu, moja ikawa bora. Kabla sijamaliza kikombe cha pili, mteja alikuwa amejibu.

Baada ya hapo sikuwa tena na haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kusimama, niliitwa. “Mpiga picha wa mizigo, njoo huku!” Nilipiga magunia, nilipiga sato wa kubanikwa, nilipiga mizani, na katikati ya kazi hiyo ya watu nikawa napata kazi yangu: makuli wakipanda ubao mwembamba kutoka mtumbwini, mikono ya wachambuaji, makorongo wakubwa wakigombea matumbo ya samaki kwa majivuno ya madiwani. Hakuna aliyegeuka wala aliyejipanga kama wa pasipoti. Wale waliotaka sura zao zisitoke walisema mapema, nami niliheshimu, na sitaki kusikia hoja kwamba sokoni ni mahali pa wazi hivyo kila uso ni halali yako. Na ofisi ya soko nilikuwa nimekwisha kuonana nayo, hilo halihitaji maelezo. Kwenye mialo midogo kama ile ya Igombe na Kayenze, wa kuonana nao ni viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni.

Kitu kimoja tu sikukipiga na sikushauri ukiguse: mabondo. Ukiona watu wawili wameinama juu ya ndoo ndogo wakizungumza kwa sauti ya chini, pita na njia yako. Kibofu hicho cha sangara kinauzwa kwa bei inayoweza kulipa karo, na anayekibeba hapendi kujulikana kwamba anakibeba.

Suala la mwanga nalo limeharibiwa na ushauri wa watu wanaoandika kutoka nchi za mbali. Wanasema una saa nzima ya mwanga wa dhahabu baada ya macheo. Kwao huenda ipo. Sisi tuko karibu sana na Ikweta, jua letu linapanda wima, na kwa kuwa Mwanza iko magharibi ya nchi lakini saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, linachomoza kwa kuchelewa, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Ukijumlisha hayo, una kipindi kifupi kisha mwanga unakuwa mkali, na majabali yetu ya mawe yanaurudisha machoni mwako. Kufikia saa mbili na nusu mimi huwa nimehamia chini ya mapaa ya vizimba. Tena ukitaka kuona dagaa wabichi wakianikwa, usiende katika siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo wavuvi hupumzika na chanja hubaki tupu. Hili hakuna aliyenieleza. Kila mtu wa ziwani anadhani unalijua.

Sasa Bujora. Kutoka mjini ni barabara ya Musoma hadi Kisesa, safari ya kilomita 20 hivi, kisha unapanda. Kanisa na makumbusho ya Wasukuma viko pamoja, na vilianzishwa na Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye aliona kwamba Msukuma anaweza kusali ndani ya jengo linalofanana na nyumba yake. Kanisa ni la mviringo kama msonge. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake mna ngoma za kitemi. Kuna pia nguzo ya duara inayoonyesha namna watu wa rika mbalimbali walivyohesabu kuanzia moja hadi kumi kwa maneno tofauti, na hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko vyote, kwa sababu nguzo ya mviringo haina upande wa mbele.

Ndani ya kanisa tatizo lilikuwa giza. Flashi sikuifikiria hata kidogo. Flashi ndani ya nyumba ya ibada ni utovu wa adabu, na juu ya hayo inafuta umbo la jengo kwa kupaka kila kitu weupe mmoja. Stendi ya miguu mitatu inaleta maswali, maana ukiitandaza unaonekana umekuja kufanya filamu. Dawa yangu ilikuwa mchele. Nilimwomba fundi cherehani anishonee kifuko cha kitambaa cha suruali, nikakijaza mchele kiasi cha kilo mbili na kukifunga. Kifuko hicho ukikiweka juu ya benchi na kukipigapiga, kamera inalala ndani yake bila kutikisika, unaiweka ijipige yenyewe baada ya sekunde kadhaa, nawe unarudi nyuma na kusimama kwa heshima kama mtu yeyote. Shata ikabaki wazi kwa sekunde nzima na picha ikatoka kali. Maharage hayafai, yanatoa sauti. Mchanga nao ukivuja utajuta. Mchele una faida nyingine, kwamba ukikwama ugenini unapikika, ingawa mke wangu aliupika pasipo kukwama popote na nikalazimika kununua mwingine.

Katekista aliyenipokea alinisalimu, “Mwangaluka,” nikaitikia, akafurahi, kisha akaniuliza kama nimekuja kusali au kupiga picha. Nilijibu yote mawili. Akasema, “Basi tuanze na la kwanza, baba.” Ushauri mwingine mbaya niliopewa ulikuwa kwamba nyumba za ibada zipigwe zikiwa tupu. Kanisa la mviringo likiwa tupu halieleweki. Ukubwa wake unauona watu wanapoketi. Kwa hiyo nilibaki kwenye Misa, kamera ikiwa mkobani, na baada ya baraka ya mwisho nikaomba wanakwaya wabaki dakika chache mahali pao, wakabaki kwa furaha na wakaimba hata wimbo ambao sikuuomba. Katika msikiti wa mjini nilifanya vivyo hivyo baada ya swala ya alasiri: viatu nje, salamu kwa imamu, na kutopita kamwe mbele ya anayeswali, hata kama mwanga wote mzuri umekusanyika huko mbele.

Kilichonishinda, na nakisema nikicheka, ni Bulabo. Hii ni sikukuu ya ngoma inayofuata Sherehe ya Ekaristi Takatifu, mara nyingi mwezi Juni, na pale Bujora huvuta umati mkubwa. Makundi mawili ya jadi, Bagika na Bagalu, ambayo asili yake ni waganga wawili waliopingana, Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Nilidhani mimi ni mtazamaji. Niliposogea upande mmoja na kamera, watoto walinifuata, watu wazima wakafuata watoto wakidhani kuna jambo, na kundi lile likapata umati. Kiongozi wa upande wa pili akatuma kijana aje kunishika mkono, “Kaka, unaitwa huku, kuna nyoka.” Nyoka alikuwapo kweli, shingoni mwa mchezaji. Nilikwenda, umati ukahama nami, na wale wa kwanza wakatuma mzee mzima aje kunirudisha. Alasiri yote nilivutwa namna hiyo. Inasemekana kila kundi lina dawa zake za kuvuta watu, nami nadhani mwaka ule dawa ya pande zote mbili ilikuwa mimi. Picha nilizopata ni nzuri, lakini nyingi zina mkono wa mtu ukinivuta pembeni.

Gharama zote, yaani nauli, viingilio, chai za watu na mchele wa mara mbili, hazikunisumbua. Kilichouma ni vumbi la uwanja wa ngoma, lililoingia ndani ya pete ya lenzi yangu mwenyewe hadi ikawa inasaga ikizungushwa. Fundi wa mjini alinitoza fedha zinazokaribia nusu ya bei niliyonunulia lenzi hiyo, na akaniuliza kwa nini sikuivalisha kofia ya plastiki ya kuogea, ile ya kina mama ya kuzuia nywele zisilowe, iliyotobolewa tundu mbele. Zinauzwa soko la Mlango Mmoja kwa bei ya andazi. Nimenunua tatu.