Siku moja ya likizo Ujiji: sketi za marinda, hesabu na mwanangu aliyeona haya

Mimi ni fundi cherehani, naishi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na cherehani yangu ya kukanyaga iko barazani. Nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 9 na Januari anaingia darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa. Wa kati ni binti wa miaka 7, na kitinda mimba ana miaka 4. Desemba shule zimefungwa, na huo ndio msimu wangu wa sare, kwa hiyo nashona na kusomesha hapo hapo.

Saa 11 alfajiri
Adhana inanikuta nimeshabandika uji. Nina sketi 6 za marinda za kumaliza wiki hii. Saa hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa sababu nyumba imetulia, na mimi natulia kabla hawajaamka. Siku nikiamka pamoja nao huwa nawafokea mapema. Hilo nimeliona mara nyingi mno.

Saa 1 asubuhi
Baba Watoto anarudi kutoka ziwani amelowa. Dagaa hawakuwa wengi. Anakunywa uji, anaoga, analala.

Zamani saa hii nilikuwa nikipiga kelele ya kukataza kelele: "Msicheze hapo! Msipige makelele!" Mzee wa watu anaamka kwa sauti yangu mimi. Siku moja tukakaa wote mkekani tukakubaliana cha kufanya badala ya cha kuacha: baba akilala, tunaongea sauti ya chumbani, na mpira unachezwa chini ya mwembe wa nyuma. Mtoto ukimwambia "usifanye" tu, bado hujamwambia afanye nini. Leo kitinda mimba kanong'ona mpaka nikashindwa kumsikia. Nikamwambia, "Umenong'ona ili baba apumzike, nimeona." Hivyo tu. Sisemi "mtoto mzuri", kwa sababu akiambiwa hivyo hajui uzuri wake uko wapi wala kesho aurudie vipi.

Saa 3
Masomo yanaanza. Ratiba nimeichora kwenye ubavu wa boksi: kikombe, kitabu, mpira, kitabu tena, sahani. Nimechora kwa ajili ya mdogo ambaye hajui kusoma, lakini hata wakubwa huitazama kabla ya kuniuliza. Tunakaa dakika 20, kisha wanatoka kuokota maembe, kisha tunarudi. Namuuliza kila mmoja anaanza na kusoma au hesabu. Yote mawili yatafanyika, ila pa kuanzia anachagua mwenyewe, na hilo peke yake limepunguza ubishi wa nusu saa kila siku.

Saa 4
Hapa ndipo siku ilipopinda.

Kijana alikuwa akigawanya 568 kwa 7. Amekwama kwenye 56, anahesabu kwa vidole chini ya meza. Dada yake, aliyekuwa akipaka rangi pembeni, akasema bila hata kuinua macho: "Nane." Kumbe kweli nane. Kijana akachana ukurasa, akarusha penseli, ikagonga cherehani.

Mkono wangu ulinyanyuka. Nasema ukweli, ulinyanyuka. Nimelelewa kwa fimbo, na mwili haujasahau. Nikaushusha nikashika kitambaa.

Nikamwita akae karibu yangu. Sikumuuliza kwa nini, kwa sababu mtoto aliyevurugika hana majibu ya "kwa nini". Sehemu ya ubongo inayotusaidia kujizuia huchelewa kukomaa, huendelea kukua hadi mtu amevuka miaka 20, na kwa mtoto mwenye woga au hasira ndiyo ya kwanza kuzidiwa. Kwa hiyo tukafanya ya uji: unashika kikombe cha kuwaziwa, unavuta harufu yake taratibu kwa pua, unakipuliza taratibu zaidi ili kipoe. Mara tano. Mara ya tatu mabega yalishuka.

Ndipo nikamuuliza, "Hii ni hasira, au ni kitu kingine?"

Akanyamaza. Kisha: "Mama, naona haya."

Mtazame. Sisi watu wazima tungesema ana hasira, ana kiburi, tungemtibu hasira ambayo hakuwa nayo. Mtoto wa miaka 9 amepitwa na mdogo wake mbele ya mama yake. Dawa ya haya si kufokewa mbele ya dada huyo huyo.

Hili ndilo ninalolishikilia siku hizi. Lugha yetu ni tajiri kwa mambo ya moyo, lakini watoto tunawapa maneno mawili tu, furaha na hasira. Kununa si kususa. Anayenuna bado yuko na wewe, anataka umwone. Anayesusa amejitoa, hata chakula hataki. Kinyongo ni cha jana. Donge ni la kuona mwenzako amepata. Kuna wasiwasi, kuna uchungu, kuna kuvunjika moyo, kuna kuona haya. Kila moja lina namna yake ya kushughulikiwa, na mtoto akilijua jina halazimiki kuchana daftari ili nielewe.

Baada ya hapo akaokota penseli, akabandika ukurasa kwa gundi, akairudia hesabu kwa maharage: mafungu 7, kisha akapata 81 na baki 1. Nikamwambia, "Umerudi mezani mwenyewe, sikukuita." Na binti nilimwambia pembeni kuwa jibu lake lilikuwa sahihi, ila kaka yake alikuwa bado njiani.

Saa 7 mchana
Ugali wa muhogo, dagaa wa mawese. Binti kapima unga kwa kikombe. Hiyo nayo ni hesabu.

Saa 9
Mteja kaja kupima sare ya mwanawe, akaona ukurasa uliobandikwa, nikamsimulia. Akasema, "Fundi, unawadekeza. Mimi angekoma siku hiyo hiyo."

Namheshimu dada yule, amelea watoto watano peke yake. Nikamjibu kwamba kudekeza ningemfanyia mimi ile hesabu, au ningenunua daftari jipya. Alichochana amekibandika, alichokimbia amekirudia. Sikumwondolea kazi hata moja, nimemwondolea kipigo tu. Hakukubali. Aliniachia kitambaa akaenda, na nadhani tutayazungumza tena akija kuchukua sare.

Mvua ikashuka, wote wakaingia ndani. Saa mbili za watoto watatu kwenye chumba kimoja na sketi nyeupe, sitaki kuzisimulia.

Saa 12 jioni
Mvua imekatika lakini radi bado inamulika upande wa Kongo. Baba Watoto anavaa koti. Kijana kasimama mlangoni, halafu anasema, "Baba, nina wasiwasi."

Neno hilo tulilipata mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Baba alikuwa nyumbani, hela hakuna, na sisi tukadhani tunawaficha watoto. Huyu akaanza kukojoa kitandani. Tulipomkalisha tukamweleza ukweli kwa kiasi chake, kwamba ziwa litafunguliwa na mama anashona, ndipo akaanza kupata usingizi.

Baba yake kachuchumaa. "Hata mimi ninao, mwanangu. Ndiyo maana tunatazama mawingu kwanza. Yakiwa mabaya hatuingii, tunalala ufukweni." Hakusema mwanaume haogopi. Nilikuwa nakunja kitambaa, nikakikunja mara mbili bila sababu.

Saa 2 usiku
Mkekani, kila mmoja anasema leo moyoni alikuwa na nini. Binti: furaha ya kujua nane. Kijana: haya, kisha wasiwasi. Kitinda mimba husema njaa kila siku, na tunaikubali.

Leo akaniuliza, "Na wewe mama?"

Nikamwambia uchovu, na uchungu kidogo ile karatasi ilipochanika. Akanisogezea viganja vyake vilivyokunjwa kama kikombe. "Puliza," akasema. Nikapuliza.

Wamelala saa 3. Zimebaki sketi 2, na taa ina chaji ya kutosha pindo moja.