Niko Malindi, kazi iko Ohio

Mimi ni mwanagenzi wa uchambuzi wa data katika shirika moja linalohudumia wakimbizi jijini Columbus, Ohio. Huko sijawahi kukanyaga. Kazi naifanyia sebuleni kwetu mtaa wa Shela, Malindi. Msimu huu wa kusi, wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi alasiri.

Saa tatu asubuhi, mahamri na mbaazi yameshaliwa, nafungua faili. Majina yameondolewa, mimi naona nambari ya kesi, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuwasili, mshahara na kodi ya nyumba. Ukishuka kwenye safu ya kuzaliwa unakutana na 1 Januari, 1 Januari, 1 Januari. Utadhani kompyuta ina wazimu. Kumbe wengi hawana cheti, na karani akishajua mwaka tu, siku huijaza hiyo. Kwa hiyo kusaka waliosajiliwa mara mbili kwa tarehe ya kuzaliwa ni kujisumbua. Natumia tarehe ya kuwasili na idadi ya watu katika kaya.

Saa tano, orodha ya mwaka mmoja. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, nguvu zimehamia kwa waliokwisha kufika. Sheria ya kule inamtaka mkimbizi aombe grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akitimiza mwaka. Fomula moja, orodha imetoka. Saa sita stima ikapotea, nami nikaenda kuswali na kula.

Saa nane ndiyo kazi ninayoipenda, na inayoniudhi. Kuna mpango uitwao Matching Grant, unaopima kama familia inajitegemea ifikapo siku ya 240 tangu ifike, yaani mapato yake yanaitosha bila kupokea fedha za msaada wa serikali. Jibu ni ndiyo au la. Kwa maoni yangu "ndiyo" hiyo imebeba watu wasiofanana hata kidogo. Leo nimeweka kodi kando ya mshahara. Kaya mbili zina ndiyo: ya kwanza ina watu wazima watatu, wote wanafanya kazi ghalani, ya pili ni mama na watoto wanne, na kodi inameza zaidi ya nusu ya mshahara wake. Hapo bado deni la nauli. Tiketi ya ndege ya mkimbizi kwa kawaida ni mkopo, hauna riba, lakini miezi sita baada ya kufika unaanza kudaiwa. Kwenye jedwali letu deni hilo halina safu.

Saa kumi Columbus wanaamka. Napiga simu ya video kwa mhudumu wa familia, dada mmoja wa Kivu, Kongo, ambaye naye alifika kule kama mkimbizi. Namuuliza juu ya kesi ya yule mama.

"Mudogo yangu, ule mama ashaacha kazi."

"Kwa nini, dada?"

"Kazi inaanza mapema sana, na basi haiko ile saa. Niliandika."

Kweli ameandika, kwenye safu ya maelezo, ile ambayo ripoti haiigusi kwa sababu maneno hayajumlishiki. Nimekaa nayo hadi magharibi, nikisoma mstari mmoja mmoja na kuweka alama kila palipotajwa basi, zamu au gari bovu.

Saa moja na nusu nikatoka barazani kupunga upepo.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Bado uko na wakimbizi wako?"

Ami anaikumbuka kambi ya Marafa, miaka ya 1990, Wasomali walipokimbia vita. Alikuwa akipeleka mboga kule. "Nikiwakopesha," akasema. "Na walilipa, usidhani." Nikamwambia mtu wa namna hiyo, anayekopa na kulipa, ndiye ninayemtafuta kwenye kompyuta. Akacheka, akaagiza kahawa chungu.

Saa mbili na nusu msimamizi ameandika: ripoti ya wafadhili ina nafasi ya takwimu moja tu, asilimia ya kaya zenye "ndiyo". Nimempa asilimia yake, na chini yake nikabandika jedwali dogo la kodi na mabasi. Asipolitaka, atalifuta mwenyewe.