Siku moja maishani mwangu: hisabati katika darasa jumuishi

Saa 1:00 asubuhi. Shule bado kimya. Napitisha vidole juu ya karatasi za nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kugusa, zilizochapwa jana. Sisomi kwa kasi ya wanafunzi wangu, ila najua kosa hujificha wapi: kwenye vipeo. Karatasi ya wenzao ina x². Hapa alama ya kipeo imeanguka, imebaki x2. Kwa binti anayesoma kwa vidole hilo ni swali jingine kabisa, na akikosa tutasema hajui aljebra. Wiki iliyopita sikukagua, nikamkata alama mbili. Nilimrudishia na kumwomba radhi mbele ya darasa.

Nikiwa na karatasi hizi humkumbuka Abraham Nemeth, Mmarekani aliyezaliwa haoni, akashauriwa aache hisabati na kusoma saikolojia. Alirudi kwenye hisabati, na mwaka 1952 mfumo wake wa kuiandika kwa nukta nundu ukachapishwa. Waliomshauri nadhani walimtakia mema, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Saa 2:00. Kutoa. Kijana mmoja, ambaye namba humpa taabu tangu alipoanza shule, ameandika 52 − 27 = 35. Sisahihishi. Namwuliza amefikaje.

"Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu."

Anatoa kidogo kwenye kikubwa, popote kilipo. Si uzembe huo, ni kanuni anayoifuata kwa uaminifu, na nikimpa maswali ishirini mengine ataikaza tu. Nampa mafungu matano ya vijiti kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira, na vijiti viwili pembeni.

"Nipe 27."

Ananipa mafungu mawili. Anavitazama vile vijiti viwili. "Mwalimu, havitoshi."

Nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Anaugusa mpira wa fungu moja, ananiangalia, anauvuta. Vijiti vinamwagika mezani. Anahesabu vyote pamoja: kumi na viwili. Anatoa saba.

"Ishirini na tano!"

Neno "kukopa" nimeliacha siku nyingi, maana hakuna kinacholipwa. Sisi tunasema kufungua fungu. Kisha tunachora, mstari kwa kila kumi na nukta kwa kila moja, halafu tunaandika tarakimu kando ya mchoro. Wapo wanaomnyang'anya mtoto vijiti mapema kwa sababu ni mkubwa, na wapo wanaomwacha navyo mwaka mzima. Wote wanamchelewesha.

Saa 4:30. Duara. Nimekutana kwanza na mkalimani wa lugha ya alama tukubaliane ishara ya kipenyo na ya nusu kipenyo, zisichanganywe katikati ya somo. Mwanafunzi kiziwi akitazama ubao hamwoni mkalimani. Kwa hiyo naandika kimya, nageuka, nasema, nangoja.

Saa 6:15. Grafu. Binti wa asubuhi ana ubao wa kizibo, pini na mpira uliovutwa: y = 2x. Kidole kinakwenda kulia hatua moja, juu mbili. Kulia moja, juu mbili. Namwomba atengeneze y = 2x + 3. Anachomoa pini, anahesabu, anachomeka. Anaweka mkono mmoja juu ya kila mstari, anavisogeza viganja pamoja, polepole.

"Mteremko ni uleule, Mwalimu. Umepanda tu."

Wenzake wanaoona nao wakaomba kugusa.

Saa 8:00. Kikaoni mwenzangu anapendekeza binti huyo asamehewe jometri, "tusimchoshe". Nimekataa. Muda wa ziada, ndiyo. Maswali matano badala ya kumi ya aina moja, ndiyo. Mada nzima, hapana. Akishaikosa leo, milango inayofuata itafungwa bila yeye kuulizwa.

Saa 10:00. Naandika daftarini: "52 − 27, amefungua fungu mwenyewe, sikumwelekeza. Kesho 40 − 16." Safari hii hakutakuwa na kijiti hata kimoja pembeni. Nimeacha mafungu manne juu ya dawati lake, mipira imekazwa.