Cheti alichokitia baba plastiki

Wiki niliyohitimu, baba alikichukua cheti changu cha shahada, akashuka nacho mjini Busia, jioni akarudi kimetiwa plastiki pande zote mbili. Paa letu lilikuwa linavuja, naye hakutaka kioze. Miaka saba kilikaa ukutani juu ya redio, na kila mgeni alisomewa.

Mwaka jana nikapata nafasi ya kufundisha hisabati Sharjah, katika Falme za Kiarabu. Shule ikataka cheti kilichothibitishwa kisheria. Nikakibandua ukutani nikaenda nacho Kampala. Karani wa ofisi ya kwanza alikigusa kwa kidole tu. "Mwalimu, muhuri wangu utashika wapi hapa?" Kwenye plastiki wino hufutika. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, kwa kuwa sikujua nitamwambiaje baba.

Walimu wenzangu, nawaomba: vyeti viacheni vilivyo, mviweke kwenye faili tu.

Nilichojifunza baadaye ndicho hiki. Uganda haimo katika Mkataba wa Hague wa 1961, ule unaoruhusu hati kuvuka mipaka kwa muhuri mmoja uitwao apostili. Falme za Kiarabu nazo hazimo. Kwa hiyo hati hupita mkono kwa mkono. Ubalozi wao haumjui msajili wa chuo changu. Unaijua saini ya ofisa wa Wizara yetu ya Mambo ya Nje. Wizara nayo inataka kuona kwamba waliotangulia wamekwisha kusaini. Kila muhuri unaushuhudia ule ulio nyuma yake tu. Ukiruka mmoja, unarudishwa mwanzo.

Chuoni walinithibitishia nakala mpya, nayo ndiyo ikaanza safari. Kyambogo, kwenye Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu, kwa shahada. Ntinda, UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, kwa matokeo ya sekondari. Huko jina likanikwamisha: cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti ina matatu, la babu likiwemo. Wakili akaniandalia hati ya kiapo kwamba wote hao ni mimi. Kalinganisheni majina yenu leo, kabla hamjapata kazi yoyote, maana jina ndilo linalokula wiki nyingi kuliko mihuri yote.

Nje ya ofisi moja kijana alinifuata, akasema atanimalizia yote kwa siku mbili. Nilikataa. Muhuri bandia ukigunduliwa ugenini, kazi imekwisha, na huenda jela ikafuata.

Nimebakiza muhuri wa mwisho, unaopigwa huko huko Falme za Kiarabu. Baba nilimwambia ukweli kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hicho cha plastiki sasa ninakihitaji tena. Nikamwambia hapana, baba. Jumamosi nilikirudisha Busia, akakitundika mwenyewe.