Zaburi ukutani, mshale kwenye gramu 40

Maduka mengi ya Dar yana mstari wa Biblia mahali fulani: juu ya mlango kwa rangi ya mafuta, kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa karibu na friji, au kwenye stika ya droo ya pesa. Ukiwa Manzese au Mbagala unangoja kupimiwa mchele, unapata muda wa kuusoma wote. Bwana ndiye mchungaji wangu. Sasa shusha macho. Mizani haina kitu juu yake, na mshale umesimama kwenye gramu 40.

Mwenye duka si mtu mbaya. Zaka anatoa, Kwaresima anafunga, jumuiya ikikutana kwake soda ni juu yake. Mshale umelala hapo miezi na hakuna aliyeamua ulale hapo. Mambo ya moyo nawaachia wachungaji na mapadri, wana Jumapili nzima ya kuyashughulikia. Mimi naandika habari ya kaunta: jinsi ya kuipanga asubuhi ili saa moja jioni, watu wamejazana na umeme umekatika, haki ya mteja isitegemee kama umechoka au la.

Gramu 40 hizo zinaliwa kila unapopima, iwe umepima kilo tano au robo. Anayenunua kilo tano hupoteza sehemu moja kati ya 125, hata hawezi kujua. Mama anayenunua robo anapoteza gramu 40 kati ya 250, karibu sehemu ya sita ya chakula alicholipia. Na anayenunua robo ndiye hana hela ya kilo. Nabii Amosi, sura ya 8, alipowasema wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kuuza makapi ya ngano, aliwataja maskini hapohapo, na ukiipigia hesabu mizani iliyopoteza sifuri unaona kwa nini. Kwa upande wa duka ni hivi: mchele wa 3,000 kwa kilo, watu 50 wakipimiwa kwa siku, ni kilo 2, yaani 6,000. Kwa siku 26 ni 156,000. Kuna fremu za uchochoroni ambazo kodi yake ya mwezi haifiki hapo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kila asubuhi, kabla hujafungua dirisha la pili, ni mizani. Ifute sahani juu na chini, maana sukari na unga hugandia upande wa chini usikoonekana. Iweke mahali palipo sawa. Kaunta ya mbao iliyoinama kidogo inatosha kuipotosha. Tazama sifuri. Mizani ya mshale huwa na skrubu ya kurekebishia. Izungushe mpaka mshale ukae kwenye sifuri, kisha weka kitu kizito, ondoa, tazama tena. Ukirudi kwenye sifuri, sawa. Ukirudi kwenye gramu 20 leo na 30 kesho, springi imechoka, na mizani ya hivyo hairekebishwi kwa skrubu. Ni ya kupeleka kwa fundi au kuibadilisha.

Baada ya sifuri, pima kitu unachokijua. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa itasoma kilo 1.5 na gramu chache za plastiki, kwa sababu lita ya maji ni kilo. Ikisoma 1.6, mizani inakula. Kwa mizani ya digitali chukua kitu hichohicho ukiweke katikati, kisha kwenye kila pembe ya sahani. Namba zikitofautiana sana, kifaa cha ndani kimeumia, mara nyingi kwa sababu kuna mtu aliidondoshea gunia. Betri ikikaribia kuisha nayo huanza kucheza namba. Vile vimizani vyepesi vya jikoni havikutengenezwa kwa biashara. Waachie wapishi wa keki.

Mizani ya sahani mbili ina jaribio zuri kuliko yote. Weka jiwe la kilo upande mmoja, mchele upande wa pili mpaka zikae sawa. Halafu badilisha, mchele uende kwa jiwe na jiwe liende kwa mchele. Mizani ya haki itakaa sawa tena. Upande mmoja ukizama, mikono ya mizani hailingani, na hapo hata mawe yawe mazuri namna gani hayasaidii. Mawe nayo uyageuze. Mengi yana tundu chini lililozibwa kwa risasi, na risasi hiyo ikidondoka jiwe la kilo si kilo tena. Lenye kutu na uchafu wa miaka laweza kuwa zito kupita kiasi, hapo unajiibia mwenyewe. Walawi 19:36 inataja mizani na mawe kila kimoja kivyake, na yeyote aliyewahi kushika vyote viwili anaelewa kwa nini.

Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa 2002, huhakiki mizani za biashara kila mwaka na kubandika stika. Stika inashuhudia siku ya ukaguzi. Siku nyingine zote zilizobaki ni zako.

Kisha kuna mkono. Nyama ikitupwa kwenye sahani mshale unaruka hadi kilo na kitu, na muuzaji anayesoma pale pale juu amemwibia mteja bila kugusa skrubu. Laza nyama, toa mkono, hesabu mbili, soma. Feni ikielekea kwenye mizani nyepesi inaisukuma. Na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi wa sita 2019, watu wanapimia ndani ya mifuko mbadala, ambayo ina uzito wake: pima kwanza, funga baadaye.

Mafuta ya kula yana balaa lake. Kikombe cha robo lita kikibonyea chini kinameza hasara yote kimyakimya. Jaza maji hadi ukingoni, yamimine kwenye chombo ulichokwisha kukitoa uzito; robo lita kamili ni gramu 250. Yakitoka 235, kitupe hicho kikombe. Usijaribu kwa mafuta yenyewe, maana mafuta ni mepesi kuliko maji, lita yake ni kama gramu 920, utajichanganya. Na ukimimina, kiinamishe mpaka tone la mwisho litoke. Yanayobaki yamegandia ukutani mwa kikombe ni ya mteja.

Kwenye genge hakuna mizani, kuna fungu. Hapa sheria yangu ni moja: fungu lionekane lote. Nyanya nne nzuri juu na mbili zilizolainika chini ndiyo makapi ya Amosi. Zilizolainika zitengee fungu lake, sema ni za kupika leoleo, bei nusu. Zinaisha haraka kuliko unavyodhani, mama ntilie wanazitafuta. Mchele vivyo hivyo. Kuchanganya wa Kyela na mwingine si kosa, watu wanapenda mchanganyiko kwa bei nafuu. Kosa ni kibao kinachoandika Kyela peke yake.

Chenji. Pipi, kiberiti na “nitakupa kesho” vimekuwa kama sarafu halali mjini, na wengi hatulioni tena kama jambo la dini. Ni hela ya mtu. Anza siku na 20,000 ya sarafu kwenye kopo lake: jero 20, mia mbili 25, mia 40, hamsini 20. Makondakta wa daladala jioni wanataka noti, uwaone. Mhazini wa kanisa naye baada ya ibada ana vikapu vya sarafu na anafurahi mno kupata noti za kupeleka benki, maana kubeba sadaka ya mia mia ni adhabu. Siku sarafu zikikuishia kweli, kuwe na daftari la chenji linalotazama upande wa mteja: jina, kiasi, tarehe. Asipoidai ikae kwenye bahasha mbali na droo. Wapo wanaoichukua ile isiyodaiwa na kuitumbukiza kapuni Jumapili. Sadaka ya hela ya Mama Asha kwa jina lako? Hapana. Mtume kijana nyumbani kwake.

Na huyo kijana wa dukani. Mara nyingi mizani inaanza kula kwa sababu yake, na yeye anaanza kwa sababu yako. Tajiri anafunga hesabu, anakuta pungufu 30,000, anamkata kwenye mshahara bila kujua zilikopotelea: panya, gunia lililotoka Tandale likiwa pungufu, chenji iliyozidi, au wizi. Mwezi wa pili kijana amejifunza. Anaficha gramu 20 hapa, 30 pale, apate akiba ya kuzibia pengo kabla hujamkata. Umemfundisha kuiba na hukusema neno. Dawa yake ni kuhesabu bidhaa pamoja kila Jumatatu, wote wawili mmeshika kalamu, na gunia likiingia lipimwe siku hiyohiyo akiona. Mshahara uwe na tarehe, utumwe kwa simu ili ubaki na kumbukumbu. Ule mtindo wa “nakutunzia, utachukua Desemba ukienda kwenu” umeharibu Krismasi za vijana wengi. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Haikusema unapiga kelele mwishoni mwa mwaka.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na habari ya madeni ndiyo ngumu kuliko zote kwa Mkristo, kwa sababu anavutwa pande mbili. Akikopesha kila mtu duka linakufa, akiandika “Leo fedha, kesho mkopo” jirani analala njaa. Weka kikomo kabla huruma haijafika, mathalani 10,000 kwa kaya, na kila kaya iwe na ukurasa wake, na mteja aandike sahihi au alama yake kila anapochukua. Bei ya mkopo ikizidi ya taslimu, itajwe kabla kilo haijafungwa. Orodha ya wadaiwa usiibandike ukutani, wala usimwite mtu kwa sauti akipita na wageni wake. Anayeaibishwa hupita uchochoro mwingine, na kuanzia hapo umepoteza deni na mteja kwa pamoja.

Dhamana nayo. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua rehani ya jiwe la kusagia, kwa maana ni kuchukua uhai wa mtu. Mawe ya kusagia Dar yako mashineni siku hizi, lakini nenda nyuma ya kaunta za uswahilini utaona mtungi wa gesi wa kilo 6 umekaa kama mfungwa, una karatasi yenye jina na 8,500. Mwenye mtungi ananunua unga atakaoupikia nini? Simu ya mtu anayepata vibarua kwa kupigiwa ni hivyohivyo. Bora usikopeshe kabisa.

Kariakoo ina mitihani yake. Winga anayekuongoza hadi duka lenye bidhaa na kuweka cha juu chake hana dhambi kwangu, anauza miguu yake na kujua kwake mtaa. Dhambi inaanza anaposema “hili duka la kwetu”. Risiti vilevile: mtu kalipa 150,000, anataka iandikwe 200,000 apeleke ofisini. Jibu fupi ndilo jema, “mashine inatoa ulicholipa”, na ukipokea kwa lipa namba ubishi wenyewe unapungua, kwa kuwa kiasi kimeshajiandika. Mnunuzi naye asijione msafi: Mithali 20:14 inamjua anayesema “haifai, haifai” kisha akaondoka akijisifu. Halafu mwezi wa Ramadhani, tambi, tende na magimbi yakipanda kwa muuza jumla, panda naye kwa kiasi hichohicho. Jirani yako Mwislamu anajua bei ya sokoni kama unavyoijua.

Tuseme umeupima mshale leo na umegundua umekula gramu 40 tangu miezi miwili iliyopita. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, Luka 19:8. Hesabu 5:7 inadai kitu kizima na sehemu ya tano juu yake, nami naona hicho ndicho kiwango ambacho duka dogo linaweza kukitimiza bila kufungwa. Wateja walio kwenye daftari uwapunguzie deni moja kwa moja, tarehe zao zipo. Wasiojulikana warudishie kwa mizani ileile: gramu 40 na sehemu yake ya tano ni 48. Fanya 50, kwa kila upimaji, kwa miezi miwili. Usiiweke kwenye skrubu, utasahau kuirudisha. Pima sawasawa, halafu chota kijiko kikubwa ambacho umekwisha kukipima kuwa ni gramu 50, umwongezee mbele ya macho yake. Wengine watauliza kuna promosheni gani. Waambie mizani ilikuwa mbovu na hiyo ni yao.